Kofia Iliyoikataa Sumaku

Alikuwa na kofia kumi na saba na kichwa kimoja, na hicho kichwa, mkewe alikuwa akisema, ungeweza kukiweka rafuni pamoja na zile kofia na mtu asigundue tofauti. Kofia zenyewe si za sherehe wala za kuzuia jua. Zilikuwa kofia za vita, za askari wa ile vita kuu ya kwanza, ambayo hata waliozaliwa siku ilipokwisha wameshatangulia mbele ya haki. Zilikaa katika chumba cha nyuma, juu ya rafu za chuma alizozichomelea mwenyewe, kila moja imevishwa chupa iliyojazwa mchanga ili isianguke. Moja ilikuwa na kishungi cha bati utosini, kama jogoo. Nyingine ilishuka ikafunika masikio na kisogo. Tatu zilikuwa za gome jepesi, lile la vizibo vya chupa, lililovikwa kitambaa, zimetafunwa kidogo na wadudu, na hizo alizipangusa kwa brashi ya kunyolea ndevu. Ukimkuta anazipangusa usimsalimie kwa sauti, utamshtua.

Chumba kile kilikuwa kiwe cha cherehani. Mkewe, mshonaji wa nguo za kike, aliahidiwa chumba hicho siku nyumba ilipoezekwa, na tangu siku hiyo alikuwa akishonea sebuleni, wateja wakijaribu magauni mbele ya meza ya chakula. Hakugomba. Mwanamke yule hakuwa mgomvi, alikuwa na ulimi tu. Wateja wakiuliza kuna nini kule nyuma, aliwajibu kwamba ni wageni wa mwenzake: hawali, hawasemi, na hawaondoki. Mume mwenyewe alimpa jina la Jemadari. "Jemadari, jeshi lako limelala salama?" angemuuliza asubuhi, na Jemadari angejibu kwamba limelala salama, bila kuona kwamba anachekwa.

Huku nje watu walimjua kwa jina la Fundi Sumaku. Kazi yake ilikuwa kunyoosha bodi za magari, na shingoni alining'iniza sumaku ndogo iliyoshonewa kitambaa ili isikwaruze rangi. Mtu akitaka kununua gari lililotumika, kwanza alilipitisha kwake. Fundi angeizungusha ile sumaku mlangoni, kwenye boneti, ubavuni. Iliposhika, pana chuma. Ilipoteleza, pana puti chini ya rangi, yaani gari liligongwa na mtu akafunika aibu kwa udongo wa dukani. "Mwenye gari anasema halijawahi kugusa hata ukuta?" angemuuliza mnunuzi. "Basi hapa lilitembelewa na mti." Madalali walimchukia, wanunuzi walimbusu mikono, naye akavimba kichwa. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Mambo ya kofia yalianzia hapo hapo gereji. Mteja mmoja alileta gari lenye kuku nyuma, na hao kuku walikuwa wakinywea maji kwenye kofia ya chuma iliyopinduliwa. Fundi aliitazama kofia ile kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama gari. Alishangaa mkono uliofanya kazi ile: bamba moja, halina kiungo, halina mshono, limevutwa likawa kichwa. Yeye mwenyewe, kwa nyundo zake zote, asingeweza. Akamwambia mteja atamnyooshea bampa kwa malipo ya bakuli la kuku. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kuchungulia nyua za watu. Moja aliikuta inapimiwa saruji. Moja ilikuwa kengele ya shule, wanaigonga kwa nondo. Moja ilipigiliwa ukutani na ndege wameshaingia humo na mayai yao, akasubiri wiki tano mpaka vifaranga waruke. Na kila aliyoletewa ya chuma, kabla hajaipokea, aliipitishia sumaku. Ikishika, karibu nyumbani. Isiposhika, rudi nayo ulikotoka.

Sasa sikilizeni alivyojiharibia.

Miaka tisa kabla ya haya ninayotaka kuwafikishia, Jumamosi ya watu wengi, Mkunga aliingia gereji na kitu amekifunga kwenye mtandio. Mkunga huyu asikudanganye mtu: nusu ya mtaa ule ilipita mikononi mwake kabla haijamwona mama yake. Watoto watatu wa Fundi aliwapokea yeye, na mmoja alikuja kwa miguu. Alikuwa amesikia kwamba Fundi anaandaa kofia zake zionyeshwe kwenye ukumbi wa maktaba, akaona na ya babu yake nayo ikasimame na wenzake.

Akaifungua. Ilikuwa ya ukingo mpana uliozunguka pande zote, utosi wa chini chini, na ubavu wa kushoto una bonyeo la kutosha yai la kuku. Babu yake, alieleza mbele ya watu, alikuwa mbeba mizigo wa jeshi. Kofia ile alipewa na askari aliyekuwa anakata roho, na wiki ya pili kipande cha kombora kikamgonga kichwani. Alianguka katikati ya masanduku, akalala, akaamka, akajitwika sanduku lake akaendelea na safari. Alimwambia mjukuu wake maisha yake yote kwamba bila bati lile asingekuwepo yeye, wala mama yake.

Fundi akaitoa sumaku. Akaiweka utosini, ikateleza. Akaiweka ubavuni, ikateleza. Akaiweka ukingoni, pale penye pete nyembamba inayozunguka, ikanasa. Hapo ndipo alipojiona amemkamata mwizi na mkono mfukoni. Mkono wake ulimwambia kitu kile ni kizito mno kwa alumini ya sufuria. Sikio lake, alipogonga kwa ukucha, lilimwambia kinalia chuma. Lakini sumaku ilikuwa imeshasema, na mbele ya watu fundi mkubwa hababaiki.

"Mama, hii si chuma," alisema, kwa sauti ya kufika barabarani. "Ni bati la sufuria. Kuna mjanja kalivisha pete ya chuma ukingoni. Babu yako aliuziwa, au alikuuzia wewe."

Watu wakacheka. Dereva teksi mmoja akacheka mpaka akashika kioo cha gari. Mkunga aliifunga kofia yake kwenye mtandio, akatoka kichwa wazi juani, na tangu siku ile Fundi akimwamkia shikamoo, yule mama alipita kama amepita karibu na nguzo. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini nani angemwambia Fundi siku zile? Mkewe alimwambia, ndiyo. Alimwambia usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Fundi akajibu kwamba ukweli ni ukweli, hauangalii nani alimzalisha nani.

Miaka ikapita. Maonyesho ya maktaba yakafana, gazeti likampiga picha, akaikata akaibandika juu ya rafu. Hadi asubuhi moja fundi mitambo wa machimbo ya kokoto alipoleta lori lililogongwa ubavuni. Nyuma ya lori kulikuwa na bamba nene lenye meno, limelika mpaka linasikitisha. Fundi, kwa mazoea tu, kama mtu anavyojikuna, akalitupia sumaku. Ikateleza ikaanguka chini. Akacheka, akamuuliza mwenzake ameuziwa nini kile.

"Hilo ni taya la mashine ya kuponda mawe," akajibu fundi wa machimbo. "Limetafuna kilima kizima, mzee, ndiyo maana limezeeka. Kuna chuma na kuna chuma. Hiki kimechanganywa na madini ya manganizi. Sumaku haikitaki, lakini ukikipiga ndiyo kwanza kinakuwa kigumu."

Akaenda zake kutafuta kivuli, kisha akageuka kuongeza jambo moja, kama mtu anayeongeza chumvi. Mwalimu wao chuoni aliwahi kuwaambia kwamba chuma hicho hicho ndicho walichotengenezea kofia za askari wakati wa ile vita kuu ya kwanza, zile za ukingo mpana.

Fundi alikaa kitako juu ya tairi. Fundi wa machimbo alimuuliza kama anaumwa, akasema hapana, ni jua. Haikuwa jua. Alikuwa anaziona kofia zote za ukingo mpana alizowahi kuletewa, nne au tano kwa miaka yote ile, na zote isipokuwa moja alizirudisha kwa mkono wake na kwa mdomo wake. Alikuwa amesimama mlangoni na kufukuza wageni wa kweli.

Alikwenda nyumbani mchana, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Katika jeshi lake kulikuwa na kofia moja ya ukingo mpana, ambayo sumaku iliing'ang'ania barabara, na ndiyo aliyoiweka katikati ya rafu ya juu. Hakuwahi kuinua ngozi ya ndani, kwa heshima ya marehemu aliyeivaa. Sasa akaiinua. Chini yake palikuwa na mhuri wa kiwanda cha vifaa vya maigizo. Marehemu hakuwahi kufa, alikuwa mchezaji jukwaani. Fundi akacheka peke yake, akacheka mpaka cherehani ya sebuleni ikanyamaza, na mkewe alipoingia akamkuta amekaa sakafuni na kofia mapajani, na hacheki tena.

Akamweleza yote. Mkewe alisikiliza na pini zake mdomoni, akazitoa moja moja akazichomeka begani.

"Kwa hiyo babu wa watu alisema kweli," akasema.

"Alisema kweli."

"Na wewe ukamwita mwongo mbele ya teksi."

Fundi akauliza afanye nini. Mkewe akamwambia mtafuta cha mvunguni sharti ainame, na kwamba magoti anayo mawili.

Fundi alimkuta Mkunga amekaa katikati ya mabegi. Umri wake ulikuwa themanini na nne, miguu imeanza kumgomea, na mwanawe wa kiume alikuwa anakuja kumchukua baada ya wiki mbili akaishi naye, safari ya siku mbili. Nyumba ilishakuwa tupu kiasi kwamba sauti ilijirudia. Fundi hakukaa, maana hapakuwa na kiti na maana hakustahili. Alisema kilichomleta: taya la mashine, manganizi, kila kitu, na kwamba yeye ndiye aliyekosea, si babu.

Mkunga alilisukuma kando begi lililokuwa mapajani. Kisha akasema maneno ambayo Fundi aliyabeba mpaka mwisho.

"Babu ndiye aliyenilea. Nilimwamini miaka sitini, wewe ukanifanya nimwite mwongo kwa dakika tatu. Nilitoka kwako nikampa yule wa chuma chakavu aliyekuwa anapita, hata sikumuuliza bei. Nikaenda kaburini kwake nikamwambia nimechoka na hadithi zake. Nilimwambia hivyo, mtu aliyenibeba mgongoni. Leo unaniambia alisema kweli. Basi nionyeshe. Niiguse kabla sijaondoka mji huu, niende nikamwombe radhi nikiwa nayo mkononi. Maneno yako, mwanangu, niliyaamini mara moja yakanitosha."

Wiki mbili. Kofia moja. Miaka tisa katika mikono ya wauza vyuma chakavu. Mtu mwenye akili timamu angerudi nyumbani akalala, lakini tumeshakubaliana kuhusu kichwa cha yule bwana.

Alianza kwenye yadi kubwa ya chakavu nyuma ya reli. Mwenye yadi alimcheka, akamwonyesha vilima vya vyuma vinavyoingia na kutoka kila wiki. Kofia ya miaka tisa? Imeshakuwa nondo ya ghorofa la mtu. Siku tatu Fundi alizunguka yadi zote za mji, mikono imechanika, jioni mkewe akimpaka dawa na kumtania kwamba Jemadari amerudi majeruhi. Siku ya nne ndiyo mkewe alipomuuliza swali la kishonaji: vitambaa vikija vimechanganyika, mtu huvitenga kwanza. Hao wa chakavu wanatenga vipi?

"Kwa sumaku," Fundi akajibu, akaishika yake shingoni.

Ilikuwa wazi kama mchana. Yadi zote zilitenga kwa sumaku. Kilichoshika kilikwenda kuyeyushwa kuwa nondo. Kisichoshika kilitupwa kwenye rundo la alumini na masufuria yaliyovunjika. Kofia ile haikwenda na vyuma hata siku moja, kwa sababu ilihukumiwa kule kama alivyoihukumu yeye. Usiku ule alilala fofofo, mara ya kwanza wiki ile, na alfajiri alikuwa kwa wasubu wa sufuria, wale wanaoyeyusha alumini na kuimimina kwenye kalibu.

Wasubu walikuwa kumi na mmoja, wamejipanga kando ya mtaro, matanuri yao ya udongo yanavuma. Aliwauliza mmoja mmoja kama aliwahi kukutana na bakuli pana ambalo si chuma na si sufuria. Tisa walisema hawakumbuki. Wa kumi, mzee wa mikono iliyobabuka, aliweka koleo lake chini.

"Lile lililonirudishia nyundo usoni?" akauliza, akaonyesha kovu dogo juu ya nyusi. Kumbe yeye huvunja vipande kwanza kabla ya kuviyeyusha, na vya sufuria huvunjika vyenyewe ukiamua. Kile alikipiga pigo moja, nyundo ikaruka ikamtafuta yeye. Alipiga mara ya pili kwa hasira, bega likamuuma mwezi mzima. Akakitundika kwenye ua kama mfungwa, mpaka mama wa kitalu cha miche, aliyekuja kununua sufuria, alipokiona akakiomba akapande maua.

Fundi alimshika mzee wa watu akamkumbatia, masizi na yote.

Kitalu cha miche kilikuwa ng'ambo ya daraja. Mama wa kitalu, mwanamke mfupi mwenye mabuti ya mpira, alikuwa anampimia mteja samadi, na kile alichokuwa akipimia Fundi alikiona kabla hajafunga mlango wa uzio. Ukingo mpana. Bonyeo la kushoto. Aliomba akishike, akaimwaga samadi, akaitoa sumaku shingoni. Utosini, ikateleza. Ubavuni, ikateleza. Ukingoni, ikanasa. Miaka thelathini na tano sumaku ikishindwa kushika alikunja uso, leo alipiga kelele ya furaha mpaka mteja wa samadi akarudi nyuma hatua mbili.

Lakini mama wa kitalu hakuwa na haraka ya kufurahi. Alieleza kwamba alitaka kukitoboa tundu chini kwa ajili ya maji ya maua, na fundi wake alivunja biti tatu za kutobolea bila kukiachia hata alama. Ndipo akakifanya kipimio, na sasa wateja wake wote wanajua kipimio hicho. Akibadilisha, watasema anawapunja. Fedha hakutaka. Alitaka kipimio kingine kinachobeba kile kile, si punje zaidi, si punje pungufu.

Hapo alikuwa amemgusa fundi mwenyewe. Fundi alirudi gereji, akakata bati jipya, akalikunja, akaliziba, akalitia mkono wa kushikia ambao ile kofia haikuwa nao. Kesho yake mama wa kitalu alijaza kofia udongo mkavu, akaumimina kwenye kipimio kipya. Ukafika ukingoni sawasawa. Akarudia kwa kokoto ndogo. Akarudia kwa maji. Mara ya tatu akasema haya, chukua bakuli lako, na huu mkono wa kushikia ni mzuri, kwa nini hukuja miaka yote hii?

Nyumbani palikuwa na hatari nyingine. Fundi wa bodi na bonyeo ni kama mtoto na kidonda kinachokauka: vidole vinawasha. Mkewe alijua. Wakati mumewe anaosha kofia kwa maji na sabuni tu, yeye alikalia sanduku la nyundo, gauni la mteja mkononi, akishona kola ya shingo, na hakuinuka mpaka kofia ikakauka. Ndani ya ukingo, uchafu ulipotoka, ziliibuka herufi na tarakimu za kiwanda zilizogongwa kwenye chuma chenyewe. Hakuna mhuri wa maigizo. Walizitazama wote wawili, vichwa vimegusana, na mkewe ndiye aliyeanza kulia.

Ilibaki kama wiki moja Mkunga aondoke, siku ya Jumamosi. Fundi angeweza kuipeleka kofia kimyakimya, akaiacha kwenye mabegi akaondoka. Hakufanya hivyo, na kwa hili nampa heshima yake. Kosa alilifanya gereji, mbele ya watu, Jumamosi. Basi Jumamosi aliwaita watu gereji. Akampata hata yule dereva teksi, ambaye sasa amestaafu na meno ya mbele yamemng'oka, akamwomba aje asimame pale pale alipocheka. Fundi wa machimbo alikuja na taya la mashine. Mama wa kitalu alikuja na mabuti yake, na msubu na kovu lake. Mkunga akaletwa na gari la mwanawe, mabegi yameshapakiwa nyuma, akapewa kiti cha mbele kama bibi harusi.

Fundi akaanza. Akaweka sumaku juu ya taya la mashine, watu wakaona inateleza. Akaiweka juu ya kofia, wakaona inateleza. Msubu akaonyesha kovu lake na mama wa kitalu akaeleza biti zake tatu. Fundi wa machimbo akathibitisha habari ya manganizi kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika. Kisha Fundi akasema, macho chini, kwamba babu wa Mama Mkunga alisema kweli, na kwamba yeye alimtukana mtu mkweli.

"Siku ile ulisema kwa sauti," Mkunga akamwambia. "Leo usininong'oneze."

Fundi akainua uso. "Babu wa Mama Mkunga alisema kweli. Mwongo nilikuwa mimi."

"Wa kule nyuma hawajasikia."

Akapanda juu ya lile taya la mashine, mzee wa miaka sitini na tatu, akapiga kelele maneno yale yale mpaka madirisha ya ghorofani yakafunguka. Yule dereva teksi akayarudia kwa mdomo wake usio na meno. Mama wa kitalu akayarudia. Ikawa gereji nzima inasema, watu na watoto wao, waliomjua yule babu na ambao hawakumjua hata kwa sura, kwamba babu wa Mama Mkunga alisema kweli. Makofi yakapigwa kwenye mabodi ya magari, na siku hiyo hakuna aliyejali rangi.

Mkunga akanyoosha mikono akapewa kofia. Alipitisha kidole kwenye bonyeo, polepole, ndani halafu nje, namna alivyozoea kupapasa matumbo ya wajawazito kutafuta kichwa cha mtoto. "Ni hapa," alisema, na hakuwa anamwambia mtu aliyekuwepo. Machozi yalimtoka bila kwikwi. Fundi akapiga magoti mbele yake akamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Inuka, suruali itachafuka."

Walipita kwanza makaburini, yeye na mwanawe. Alikaa huko karibu saa nzima, na aliyomwambia babu yake ni yake na babu. Waliporudi kupita gereji kuaga, kofia ilikuwa kichwani mwake, juu ya mtandio, imekaa sawa kabisa. Mwanawe alikuwa akimsihi aivue waiweke nyuma na mizigo, na Mkunga akimjibu kwamba nyuma aweke viatu vyake. Fundi alisimama dirishani mwa gari. Mtu aliyekusanya kofia miaka thelathini alikuwa akiitazama ile moja asiyokuwa nayo ikienda zake, na wallahi hajawahi kuonekana na furaha kama ile.

"Nikifa itakuja kwako," Mkunga akamwambia. "Nimeshawaambia watoto, na wameandika."

Fundi akashika ukingo wa dirisha la gari. Mkewe, nyuma yake, akamchoma kwa kidole mbavuni.

"Ishi sana, Mama," akasema hatimaye.

"Ndiyo kazi ninayokwenda kuifanya. Na ukianza kunipigia simu kila wiki kuniulizia hali, nitajua unachoulizia."

Gari likaondoka na vicheko vya mtaa mzima, kofia ikionekana juu ya kiti cha mbele hadi kwenye kona, na Fundi Sumaku akabaki katikati ya barabara ameinua mkono, analia na kucheka, huku pikipiki zikimpitia kushoto na kulia.